Somo: Kujitolea kwa Uchunguzi wa Dawa

Mwezi huu tumeona vema kusema juu ya neno ambalo walimu wa mitaa huulizwa mara nyingi: Je, yafaa mtu ajitoe mwenyewe, au amtoe mtoto wake, ili waganga wa hospitali wajaribu dawa mpya? Wengine hukimbia wakikumbuka habari za mumiani. Wengine hukubali upesi pasipo kuuliza neno. Njia zote mbili si njema.

1. Sababu ya uchunguzi. Nguvu ya dawa haijulikani mpaka ijaribiwe, na kujaribu ndiko kulinganisha. Katika kitabu cha Danieli twasoma habari za vijana wanne waliokula mboga na kunywa maji siku 10, kisha nyuso zao zikalinganishwa na za wenzao waliokula chakula cha mfalme. Tena katika mwaka 1747 mganga James Lind aliwagawanya mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, akawapa kila wawili dawa yao. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu kuliko wengine wote.

Hata leo kazi ni ile ile, ila uangalifu umezidi. Tutazame chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Tangu mwaka 2009 hata 2014 ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Katika Tanzania ilikuwa Bagamoyo na Korogwe, na katika Kenya ilikuwa Kilifi, Kombewa na Siaya. Watoto waligawanywa kwa kura: wengine walipata chanjo hiyo, wengine chanjo ya ugonjwa mwingine, wala mzazi hakuambiwa mtoto wake amepata ipi. Hii si hila. Mtu akijua amepewa dawa mpya, tumaini lake huweza kumwonyesha afya isiyokuwapo. Watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hata 17, wakachomwa mara 4, walipungukiwa na malaria kwa kadiri ya 36 katika 100. Hiyo si ngao kamili, lakini watoto wengi waliepushwa na homa; na katika mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri chanjo hiyo itumike. Hayo yasingalijulikana kama wazazi wote wangalikataa.

2. Hofu ya watu si upuzi. Katika Alabama, nchi ya Marekani, tangu mwaka 1932 hata 1972 wanaume weusi wapatao 600 walichunguzwa, na 399 miongoni mwao walikuwa na kaswende. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya". Kumbe waganga walitaka kuona tu jinsi ugonjwa unavyoendelea. Hata penisilini ilipokwisha kujulikana kuwa dawa ya kaswende, hawakupewa. Watu hawa hawakujitolea, walidanganywa. Katika mwaka 1997 Rais wa Marekani aliwaomba radhi, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa.

3. Haki ya mtu aombwaye. Katika mwaka 1947, waganga wa Ujerumani walipohukumiwa huko Nuremberg kwa kuwatesa wafungwa, waamuzi waliandika ya kuwa pasipo ridhaa ya mtu mwenyewe asijaribiwe. Basi, ukiombwa, uliza hivi: Mnatafuta nini? Madhara gani yaweza kunipata, na nikidhurika nani atanitibu? Damu yangu itapelekwa wapi? Ni kamati gani iliyotoa kibali? Usione haya kuuliza mara ya pili. Asiyejua kusoma na asomewe mbele ya shahidi asiye mtu wa uchunguzi, ndipo atie kidole. Tena aliyekubali anaweza kujitoa siku yo yote, wala asinyimwe matibabu yake ya kawaida. Kurudishiwa nauli ni haki. Lakini fedha nyingi zinazomfanya maskini afumbe macho ni mtego.

4. Kazi ya mwalimu. Hapa imetupasa kuungama kosa letu. Miaka michache iliyopita tuliombwa kutangaza uchunguzi fulani, nasi tukasimama mbele ya watu tukasema, "Nendeni nyote mkaandikwe." Wakaenda. Baadaye mama mmoja mzee alituambia, "Baba mchungaji, nilitia kidole kwa kuwa wewe ulisema. Yaliyoandikwa siyajui hata leo." Hakudhurika, lakini neno lake lilituchoma. Tulidhani tumewasaidia waganga, kumbe tulikuwa tumemnyang'anya mama yule haki yake ya kuchagua.

Tangu siku ile twatangaza mahali na saa ya mkutano wa waganga, kisha twaketi pamoja na watu na kuuliza maswali wanayoogopa kuuliza. Mwenye kukubali hatumsifu mbele ya wenzake, na mwenye kukataa hatumlaumu. Walimu, fanyeni vivyo hivyo. Kujitolea ni tendo la upendo kwa watu ambao hatutawaona. Lakini kitu kilichotolewa kwa kusukumwa si kipawa tena.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini watoto waligawanywa kwa kura?
2. Kuna tofauti gani kati ya wazazi wa Korogwe na wale wanaume wa Alabama?
3. Jirani yako ameombwa kumwandikisha mtoto wake naye hajui kusoma. Utamsaidiaje pasipo kumchagulia?