Ukidanganywa Ukasaini Suluhu, Umefungwa?

Ndugu zangu, nilipohama chumba changu hapa Doornfontein, mwenye nyumba alidai randi 1,800 za mlango uliovunjika, akanionyesha risiti ya fundi. Nikachoka kubishana. Tukaandikiana suluhu: akate hizo, anirudishie dipoziti iliyobaki. Baadaye fundi mwenyewe akaniambia hajawahi kuugusa mlango ule. Je, sahihi yangu imenifunga?

Kwa sheria ya Afrika Kusini, suluhu ina nguvu kama hukumu: ugomvi umekwisha. Lakini kesi ya Gollach & Gomperts, iliyomo katika ripoti za sheria za 1978, inasema suluhu iliyopatikana kwa ulaghai yaweza kutenguliwa.

Hapa tuelewane. Kama nilikosea tu kupima nguvu ya madai yangu, imekula kwangu. Hilo ndilo nililokubali kuliacha. Nikithibitisha kwamba alijua risiti ni ya uongo, na ndiyo iliyonifanya nisaini, hapo njia ipo. Mzigo wa kuthibitisha ni wangu.

Jamani, ukishagundua uongo usikae kimya ukiendelea kupokea pesa, utahesabiwa umeridhia. Andika barua mapema kuikataa suluhu. Mimi nimeshaandika, na fundi kakubali kutoa maelezo kwa maandishi.