Mnyama aliyevuta mabehewa

Magari ya moshi madogo ni ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya kuchezea. Mwaka 1891, kiwanda cha Märklin cha Ujerumani kilionyesha magari ya bati pamoja na reli zake. Magari ya namna hii hupakwa rangi za kung'aa. Mtoto huyapenda, wala haulizi kama yamefanana kabisa na magari makubwa.

Namna ya pili ni mifano. Hiyo hutengenezwa kwa kipimo. Katika kipimo kimoja kinachojulikana sana, kila kitu hupunguzwa mara 87. Mtu mwenye urefu wa sentimeta 174 anakuwa wa sentimeta 2 tu. Mlango, dirisha na gurudumu hufuata kipimo kile kile.

Basi, wenye kazi hiyo hubishana. Hawa husema: «Huu ni mchezo, tufurahi tu.» Wale hujibu: «Kisicho cha kweli kisiwekwe.» Je, nani asema vema?

Tutazame kazi ya John Allen, mpiga picha wa mji wa Monterey, katika Marekani. Chini ya nyumba yake alijenga njia ya reli kwa kipimo hicho cha 87. Alifanya madaraja, vijiji, na milima toka sakafuni mpaka karibu na dari. Aliona kwamba gari lenye kufanya kazi huingia kutu na masizi, na mbao za nyumba hupauka kwa jua. Kwa hiyo alipaka magari na nyumba zake rangi ya uchakavu. Rafiki zake walikuja kuendesha magari hayo kwa kufuata saa, kama wafanyakazi wa reli.

Lakini mtu huyu alipenda pia kuchekesha. Kituoni, mabehewa mengine hayakuvutwa na mashini, yalivutwa na Emma. Emma ni nani? Ni mfano wa stegosaurus, mnyama wa kale mwenye mabamba mgongoni. Wanyama hao walikwisha duniani zamani sana, kabla ya watu kuwako!

Kwa nini watu walicheka? Kwa sababu vitu vingine vyote pale vilionekana vya kweli. Katikati ya magari ya rangi rangi, nani angemshangaa Emma? Kazi ya uangalifu ndiyo iliyoupa mzaha nguvu.

John Allen alikufa Januari 1973. Baada ya siku chache moto uliingia nyumbani, ukateketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Picha alizopiga zimebaki, na watengenezaji wa mifano hujifunza kwazo hata leo.

Nawe ukitengeneza motokari ya waya, nyosha kwanza magurudumu yake. Kisha umweke dereva wa kuchekesha.

Maulizo
1. Mfano na kitu cha kuchezea vinatofautianaje?
2. Kwa nini John Allen alipaka magari rangi ya uchakavu?
3. Nyumba ina urefu wa sentimeta 870. Mfano wake utakuwa wa sentimeta ngapi?