Vita, Biashara na Mapatano: Jawabu kwa Mtafutaji wa Tarehe

Kijana mmoja wa Sigor, katika nchi ya Bomet, ametuletea suala ambalo jawabu lake lafaa lisomwe na wengi. Chuoni kwake ametakiwa aandike tarehe ya taifa lake, Wakipsigis, kwa milango mitatu: vita walivyopigana, biashara waliyoifanya, na mapatano waliyofungamana na majirani na wageni. Auliza aanzie wapi, na amsadiki nani.

Kwanza na ajue ya kuwa milango hiyo ni ya nyumba moja. Akiandika vita peke yake atapata hadithi ya mikuki tu. Atazame mambo ya mwaka 1905. Wakipsigis wa upande wa Sotik waliwashambulia Wamaasai, wakachukua ng'ombe, wanawake na watoto. Vita vya namna hiyo baina ya majirani hawa vilikuwa vya zamani. Lililokuwa jipya ni kwamba mwaka 1904 Waingereza walikuwa wamefanya mapatano na Wamaasai, basi jambo la majirani wawili likawa jambo la serikali. Wasotik wakatakiwa warudishe walichochukua, wakakataa, na jeshi likapelekwa. Watu wengi waliuawa, na maelfu ya ng'ombe wakatekwa. Baadaye walowezi wakapata mashamba huko Sotik, na katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakapanda chai Kericho. Hapo mapatano yamezaa vita, vita vimetoa ardhi, na ardhi imekuwa biashara. Anayetaka kujua majani yale ya chai yametoka wapi, asianzie sokoni.

Wala asiseme kuwa wazee wake hawakuwa na mapatano kwa sababu hakuta karatasi. Wakipsigis walipigana na Wagusii, na katika njaa walibadilishana nao mifugo kwa nafaka. Na watu hawabadilishani mali bila ya kuaminiana japo kwa msimu mmoja. Sisi tuliosoma vyuoni twajua kuwa ahadi husimama kwa tamko la wenyewe, na wino ni ushahidi wake tu.

Pili, ajihadhari na majina. Akifungua daftari za zamani akatafuta jina la Kipsigis huenda asilione, akadhani watu wake hawakutajwa. Wametajwa sana, lakini kwa jina la Lumbwa, ambalo si wao waliojiita. Wilaya ya Kericho iliandikwa South Lumbwa, na stesheni ya reli iliyoitwa Lumbwa ndiyo Kipkelion ya leo.

Hesabu ya miaka nayo ina mtego. Mzee atamwambia, “Jambo hili lilikuwa zama za Maina,” au za Chumo, au za Sawe. Haya ni majina ya marika, nayo huzunguka: jina likishapita hurudi tena baada ya miaka kama 100. Basi na amuulize mzee kwa adabu, “Ni Maina gani, ya baba yako au ya waliomtangulia babu yake?” Asipouliza, huenda akakosea karne nzima.

Tatu, na hili ndilo zito, ni khabari ya shahidi. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi ambao ni ndugu wa Wakipsigis, aliuawa katika mkutano na Richard Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza. Wanandi husema kuwa alikuja kwa mazungumzo ya amani. Ofisa alisema kuwa alitegewa, akajilinda. Mabaraza ya wenzake yakamwondolea lawama, kisha mwaka 1906 akaondoshwa nchini. Mwaka 1957 akachapisha kitabu cha shajara zake za Kenya, na waandishi wengi wakakinakili kana kwamba ni kauli ya shahidi asiye na kesi.

Katika ilimu yetu ya hadithi, mpokezi huulizwa kwanza ukweli wake ndipo yaulizwe maneno yake. Husimuliwa khabari ya mwanachuoni aliyesafiri mbali kumwendea mpokezi, akamkuta anamdanganya mnyama wake kwa nguo tupu isiyo na chakula, akageuka akarudi. Meinertzhagen alipenda kukusanya ndege. Katika miaka ya 1990 wataalamu walichungua ndege wake waliohifadhiwa Uingereza, wakaona kuwa baadhi waliibwa katika makusanyo ya watu wengine, wakabandikwa vyeti vya uwongo vya mahali na tarehe. Aliyedanganya juu ya ndege mfu, asadikiweje peke yake juu ya mtu aliyemuua? Sisemi kila neno lake litupwe. Nasema lisipokelewe ila likipata shahidi wa pili. Na sharti hilo hilo liwe kwa mzee wa kijijini, kwani upendo wa mtu kwa kabila lake nao hupindisha ulimi.

Jambo hili si mchezo wa wanachuoni. Ndugu yake Koitalel, Kipchomber arap Koilege, alihamia kwa Wakipsigis akawa kiongozi wao wa dini. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo huo wa Talai, na mamia wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka madai yao mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Hakimu hapokei kilio, hutaka ushahidi. Na karatasi ya mwanafunzi iliyoandikwa kwa uangalifu yaweza kuwa ushahidi, kama ile iliyoandikwa ovyo iwezavyo kumpa mshindani silaha.

Nyaraka za serikali azitafute katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, na barua za Ofisi ya Makoloni ziko Kew, London. Lakini liko fungu moja ambalo haliko Nairobi wala London. Jeshi la East Africa Rifles, lililoundwa mwaka 1895, lilikuwa na askari Waswahili pamoja na Wasudani na Wahindi, na mwaka 1902 likaingizwa katika King's African Rifles, ndilo jeshi lililopigana bara. Wapagazi na wafanya biashara wa misafara nao walitoka katika miji yetu. Babu zetu waliyaona mambo haya, na wengine walibeba bunduki upande usiokuwa wa Wakipsigis. Haifai tuwataje kwa biashara tu, tukanyamaza juu ya bunduki.

Basi yeyote mwenye barua ya babu yake kutoka bara, au daftari ya deni la msafara, au cheti cha askari, asikiache kikaliwa na mchwa sandukuni. Asiyeweza kusoma khati ya Kiarabu na akilete darsani baada ya sala ya alasiri. Kitasomwa na kunakiliwa mbele yake, jina la aliyekileta na la aliyekiandika yatiwe chini ya nakala, na asili atarudi nayo nyumbani siku ile ile. Nakala tutampelekea kijana wa Sigor.