Kapona korona, kipimo kinasema bado anayo

Mwaka 2021 niliugua korona. Homa siku nne, kikohozi, chakula hakina harufu wala ladha, kisha Allah (SW) akaniafu. Wiki ya nne tangu niugue, shangazi yangu aliyenilea akawa mahututi Nairobi. Kupanda ndege kulihitaji cheti. Nikapimwa, majibu yakasema ninayo. Nikarudia baada ya siku tano, bado ninayo. Shangazi akazikwa kesho yake, mimi nikiwa Dar es Salaam nimejifungia chumbani, sahani yangu ikioshwa peke yake.

Nimeyakumbuka hayo juma lililopita baada ya darsa la Alasiri, pale kijana mmoja aliponiuliza: "Ustadhi, ikiwa kipimo kinasema mtu bado anavyo virusi, kwa nini madaktari walimruhusu arudi kwa watu? Si walikuwa wanakisia tu?"

Mimi si daktari, ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu. Lakini suala hili nililifuatilia kwa uchungu, na jibu ni kwamba hawakukisia.

Kwanza tufahamu kipimo cha PCR kinatafuta nini. Hakitafuti kirusi hai. Kinatafuta kipande cha vinasaba vyake, kisha kinakizidisha: kimoja kuwa viwili, viwili kuwa vinne, katika mizunguko inayoweza kufika 40. Kwa hesabu hiyo hata masalia machache mno huonekana. Kirusi kilichokufa na kilicho hai vina vinasaba vilevile, na mashine haivitofautishi. Anayetaka kujua kama kirusi ni hai hana budi kuiweka sampuli ya mgonjwa pamoja na seli hai maabarani, aone kama kitaziingia na kuzaliana. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa na huhitaji maabara yenye ulinzi mkubwa, ndiyo maana hospitali zetu hazimfanyii kila mgonjwa.

Wanafunzi wangu wa fiqhi hulifahamu hili upesi. Nguo ikiingia damu, ukaifua kwa juhudi, ikabaki rangi isiyotoka, nguo hiyo ni tohara na unaswali nayo. Doa unaliona kwa macho yako, ila najisi imekwishaondoka. PCR ni jicho kali sana la kuona madoa.

Huko Ujerumani, mwanzoni mwa 2020, madaktari waliwafuatilia kwa karibu wagonjwa 9 wa Munich. PCR iliendelea kuonesha virusi kwa muda mrefu, lakini baada ya siku ya 8 tangu dalili zianze, hakuna sampuli iliyotoa kirusi hai. Kisha Korea Kusini ikaingia hofu: watu waliokwisharuhusiwa walipimwa tena wakakutwa nayo. Je, wameambukizwa upya? Mamlaka za afya za huko zikawachunguza watu 285 wa aina hiyo pamoja na watu 790 waliokutana nao. Hakuna hata mmoja aliyethibitika kuambukizwa na hao. Sampuli 108 zikajaribiwa maabarani, na hakuna iliyotoa kirusi hai.

Kwa mnasaba huo, tarehe 27 Mei 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilibadili mwongozo. Awali mgonjwa alitakiwa apate majibu mawili ya kutokuwa nayo, yakiachana angalau saa 24. Mwongozo mpya ukasema siku 10 tangu dalili zianze, na juu yake angalau siku 3 bila dalili. Asiyeonesha dalili kabisa, siku 10 tangu apimwe.

Ama kuhusu tahadhari, zipo. Mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana, kama aliyepandikizwa figo, ameweza kukutwa na kirusi hai kwa wiki nyingi, hata miezi. Huyo haambiwi siku 10, hurudi kwa daktari wake. Aidha, mtu huanza kuambukiza siku moja mpaka tatu kabla hajahisi lolote, na hapo kipimo cha mapema chaweza kumkosa. Yaani "unayo" si lazima iwe hatari, na "huna" si lazima iwe salama.

Sisi Tanzania mjadala wa vipimo ulitufikia kupitia papai na mbuzi, Mei 2020, Rais Magufuli aliposema sampuli zao zimekutwa na korona. Tukabishana mtaani kama kipimo ni cha kweli au cha uongo. Likatupita hili la tatu, kwamba kipimo chaweza kusema kweli na sisi tukakifahamu vibaya.

Walioandika masharti ya safari hawana udhuru huo. Marekani, ilipoanza kudai vyeti kwa wasafiri wa anga Januari 2021, ilimkubali pia aliyeugua ndani ya siku 90 na kupona, akiwa na barua ya daktari. Mimi barua nilikuwa nayo. Dirishani niliambiwa kinachotakiwa ni karatasi ya maabara tu, mwongozo wa WHO ukiwa na mwaka mzima tangu utolewe. Tumekatazwa kusema "lau ningefanya kadha", nami sisemi. Ila aliye nyuma ya dirisha lile anaweza kuulizwa alikuwa akizuia kitu gani.