Peugeot 504 ya Mjomba: Usianze na Sabuni

Kila anayeniuliza namna ya kusafisha gari la zamani kwa ndani huanza na sabuni. Ipi nzuri, ya unga au ya maji? Na yale mafuta ya kung'arishia dashibodi yanayochuuzwa kwenye foleni, je, yanafaa? Sabuni itafika zamu yake. Gari lililokaa miaka mingi hapa pwani haliozi kwa uchafu, linaoza kwa maji, na ukilisugua kabla hujajua maji yanapenya wapi, masika ijayo utakuta harufu ileile na kuvu palepale.

Gari ninalolisema ni Peugeot 504 stesheni wagoni ya viti safu tatu, iliyounganishwa hapahapa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Mjomba alibeba nayo abiria baina ya Mombasa na Voi enzi ambazo wagoni hizi ndizo zilizokuwa teksi za masafa marefu Kenya nzima, watu wamebanana ndani na mizigo imefungwa kamba juu ya keria. Modeli hii ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikachaguliwa gari bora la mwaka Ulaya mwaka 1969, kisha ikaja kutuonyesha uwezo wake kwenye vumbi letu wenyewe: Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Sifa yake kubwa ilikuwa namna inavyopita barabara mbovu bila kumchosha aliye ndani. Sehemu ya sifa hiyo imo kwenye springi na shokabzoba, na sehemu nyingine imo kwenye viti. Kwa hiyo anayetengeneza ndani ya 504 hapambi tu. Anarudisha jambo lililolifanya gari hili lipendwe.

Chagua msimu. Mimi nafanya kazi hii wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua likiwa kali na upepo ukivuma kutwa. Ukianza mwezi wa tano, kila utakachokianika kitarudi ndani kikiwa na unyevu, na kwenye unyevu kuvu hailali.

Mjomba alikuwa na dawa yake.

"Mpwa wangu, lifukize udi tu. Wiki moja litanukia."

"Mjomba, udi tutafukiza, wala sikatai. Lakini kwanza niruhusu ning'oe kapeti."

"Kapeti lina nini? Mbona kavu hilo!"

Nilimwomba aweke kiganja na akandamize kwa uzito wake wote, pale miguu ya abiria wa mbele inapokaa. Maji yakachuruzika katikati ya vidole. Kapeti huwa kavu juu kwa sababu linapata hewa, lakini felti iliyo chini yake hunywa maji na kuyahifadhi kwa majuma, na chini ya felti ndipo lilipo bati. Mjomba hakuutaja udi tena siku hiyo.

Kutafuta maji yanapoingilia ni kazi ya watu wawili. Mmoja huketi ndani na tochi, milango na vioo vimefungwa. Mwingine humwagia gari kwa mpira wa maji, bila presha, akianzia chini kwenye vizingiti na kupanda taratibu: milango, madirisha, kioo cha mbele, mlango wa nyuma, mwisho paa. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yaliyoingia yamepitia wapi. Kila hatua mpe aliye ndani nafasi ya kutazama. Tone la kwanza mara nyingi huchelewa.

Kwenye gari hili maji yaliingia mahali patatu. Raba ya mlango wa nyuma ilikuwa imekauka na kuwa ngumu, hailali tena kwenye bati. Chini ya kioo cha mbele, kwenye uwazi unaovuta hewa ya kuingia ndani, majani ya mwembe yalikuwa yameoza yakaziba njia ya maji, kwa hiyo mvua ilijaa pale kisha ikamwagikia miguuni. Mahali pa tatu ndipo wengi wasipopadhania: milango. Maji kuingia ndani ya mlango si kasoro. Mvua hupita kando ya kioo, hushuka ndani ya bati, hutoka kwa vitundu vilivyo ukingo wa chini. Vitundu vikizibwa na udongo, mlango hugeuka tangi. Tena nyuma ya kava la ndani kuna karatasi ya nailoni inayozuia unyevu usifike kwenye hadibodi, na mafundi waliowahi kutengeneza kioo au kitasa huichana na kuitupa. Zibua vitundu kwa waya laini, weka nailoni mpya nzito na uibandike vizuri kuzunguka mlango. Gharama yake ni ndogo, faida yake kubwa kuliko sabuni yoyote nitakayoitaja huko mbele.

Sasa vua kila kitu. Toa betri kwanza, au angalau waya wake wa negativu, maana utafanya kazi na maji karibu na nyaya za umri mkubwa. Piga picha kabla hujafungua bolti yoyote, na kila fungu la skrubu liingie kwenye mfuko wake wenye maandishi. Bolti za viti ambazo hazijaguswa kwa miongo zipake mafuta ya kulegeza kutu jioni, uzifungue asubuhi. Ukizilazimisha zitakatika, na nati zake zimechomelewa sakafuni.

Chini ya safu ya pili nilikuta udongo mwekundu wa Taru, umeshikana kwenye reli za viti mpaka ikabidi niukwangue kwa bisibisi, na ndani yake senti kumi ya manjano yenye kichwa cha Mzee Kenyatta. Udongo ule si uchafu wa bure. Ni mchanga mkali unaokula reli na nyuzi za kapeti kila mtu anapoketi na kuinuka, na ukilowa hushikilia unyevu juu ya bati. Unyonye wote kwa mashine ukiwa mkavu kabla tone la maji halijaingia ndani, la sivyo utakuwa unasambaza tope.

Felti ya zamani usiisafishe, itupe. Sakafu ikwangue kwa brashi ya waya. Zile shuka za lami zinazopunguza kelele, zilizoinuka au kupasuka zing'oe, kwa sababu maji hujificha chini yake. Zilizoshika vizuri ziache. Penye kutu ya juujuu paka dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo hugeuza kutu nyekundu kuwa tabaka jeusi gumu, huku umevaa glavu na miwani. Kisha praima, kisha rangi. Ikiwa bisibisi inatoboa bati, kazi hiyo ni ya fundi wa kuchomelea, na tundu lizibwe kwa bati. Faiba juu ya bati lililooza hufunika ugonjwa.

Kuvu iondolewe nje, kwenye upepo, ukiwa umevaa barakoa. Usiipanguse kwa brashi kavu ndani ya gari, utaijaza hewani na kuivuta kifuani. Mimi hupangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa siki nyeupe, huiacha kama saa moja, kisha hupangusa kwa maji safi na kuanika kivulini penye upepo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Na siki usiikutanishe kamwe na jiki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa gesi hiyo ni hatari kubwa.

Sabuni imefika zamu yake. Viti vya 504 hii ni vya ngozi ya bandia, rangi ya kahawia, na kwa hivyo vinatosheka na maji ya uvuguvugu na matone ya sabuni ya vyombo. Tumia brashi laini, eneo dogo kwa wakati mmoja, na pangusa povu kabla halijakauka, kwa kuwa ndilo lililobeba uchafu. Kwenye mishono tumia mswaki wa zamani. Jiki, thina na petroli zikae mbali. Petroli inasafisha haraka, ni kweli, lakini inanyonya mafuta yanayoifanya plastiki iwe laini. Mafuta hayo hutoka yenyewe pia kwa joto na miaka, na yakishatoka hakuna mafuta ya kupaka yatakayoyarudisha, hata chupa iandikwe nini. Kinachowezekana ni kuhifadhi ulaini uliobaki. Kwa hiyo kava gumu usilikunje likiwa baridi. Lianike juani kidogo mpaka lilegee, ndipo ulivue.

Hapa ndipo nilipokwenda kwa fundi wa viti kule Majengo, mtu mwenye mkono mzuri sana wa cherehani. Aliligeuza kava la kiti cha dereva, akaona ubavu uliopasuka, akaniambia:

"Kaka, hii ya kutupa. Nikuvalishie mpya nyeusi, gari zima, kesho kutwa unaendesha."

Fundi hakuwa na hila. Wateja wengi ndicho wanachokitaka, na kushona upya ni rahisi kwake kuliko kuokoa. Lakini ukishatupa makava ya awali umetupa kitu kisichopatikana dukani: ile chapa ya mistari iliyokandamizwa kiwandani, ule mng'ao hafifu, ile rangi iliyopauka sawasawa na dashibodi na milango. Nyeusi mpya itang'aa, na kila kilichobaki ndani kitaonekana kikongwe. Tulikubaliana hivi. Mgongo wa safu ya tatu kwa nyuma, upande unaotazama mizigo, una kipande kikubwa cha ngozi ileile ambacho hakijawahi kukaliwa. Alikikata, akakitumia kuziba ubavu wa kiti cha dereva, na ile sehemu ya nyuma isiyoonekana ndiyo ikapata ngozi mpya. Ukiketi huoni kiraka, kwa sababu kiraka na kiti vimezeeka pamoja.

Mambo mawili ya kumwambia fundi kabla hajakanyaga cherehani. Uzi uwe wa polista, maana wa pamba huoza kwenye unyevu wetu. Na sindano ipite kwenye matundu yaleyale ya zamani, hata kama itambidi azungushe gurudumu kwa mkono. Ukiongeza matundu mapya kando ya yale ya kale, umechora mstari wa kuchanikia.

Sponji nayo ina maneno. Ya zamani ilikuwa inamomonyoka, unga wa manjano unamwagika ukiinua kiti. Mafundi wengi huweka sponji ngumu ya sofa kwa sababu haibonyei, na mteja akiibonyeza dukani anaridhika. Kwenye 504 hilo ni kosa. Ukiketi juu ya sponji ngumu unaketi juu kupita ilivyokusudiwa, na kila shimo linakupiga mgongoni. Tuliweka tabaka jembamba gumu chini, juu ya springi, na laini nene juu yake, tukipima kimo kwa kiti ambacho hakikuwa kimeharibika. Mjomba alipokiketia alinyamaza kitambo, akarudisha mgongo nyuma, akashika kijiti cha gia pale kwenye usukani. "Hiki ndicho," akasema.

Silingi iguse kwa heshima. Kitambaa kisafishwe kwa povu tu, kwa mkono mwepesi, kutoka mbele kwenda nyuma, kisichuruzike maji, kwa sababu kingo zake zimegandishwa kwa gundi na kupenyezwa chini ya raba za vioo. Kuibadilisha maana yake ni kutoa vioo. Kama haijaning'inia, madoa machache si sababu ya kutosha.

Dashibodi pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Yale mafuta ya foleni, mengi yana silikoni: yanang'aa, yanarudisha mwanga kwenye kioo cha mbele mpaka huoni barabara vizuri adhuhuri, yananasa vumbi, na siku ukitaka kupaka rangi karibu nayo, rangi haishiki. Tafuta kinga ya jua isiyong'aa.

Mikanda ivute mpaka mwisho, ibane na kibanio cha nguo isirudi, ioshe kwa sabuni laini na maji, iache ikauke kabisa kabla ya kuiachia. Usiitie jiki wala rangi, hudhoofisha nyuzi. Mkanda uliochakaa kingo au uliokatika nyuzi ubadilishe, hata kama ni wa awali. Hapo sina mjadala na wapenda asili.

Felti mpya na kapeti virudi mwisho, sakafu ikiwa imekauka kikweli. Baada ya hapo lifunike gari kwa turubai la kitambaa linalopumua, lisiwe la nailoni, na vioo viache wazi upana wa kidole kama limeegeshwa bandani. Mvua kubwa ya kwanza ikipita, inua kapeti kwenye pembe zote nne na upapase bati kwa mkono mkavu. Ukikuta unyevu pembe moja, rudi na mpira wa maji, na uanze na vitundu vya mlango wa upande huo.