Maji Yanayochotwa Naivasha na Samaki Wake: Maswali ya Wakazi wa Karagita

Karagita iko karibu na mashamba ya maua na Ziwa Naivasha. Wapo wanaolisha watoto kwa mshahara wa shambani, na wapo wanaowalisha kwa nyavu. Swali la nani achote maji, kiasi gani na msimu gani, linawahusu wote.

Maji ya ziwa hutoka wapi?

Huletwa na mito Malewa, Gilgil na Karati. Malewa peke yake huleta zaidi ya robo tatu ya maji ya mito hiyo. Hakuna mto unaotoka ziwani: maji hupotea kwa mvuke na kwa kupenya ardhini, na huko kupenya ndiko huondoa chumvi na kuyafanya yanyweke.

Ni nani huyachota?

Mashamba ya maua na mboga huonekana kwanza, lakini hayako peke yake. Bwawa la Turasha, kwenye tawimto la Malewa, hupeleka maji Gilgil na Nakuru. Olkaria, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka 1981, hutumia maji ya ziwa kuchimbia visima. Huko juu milimani nako wapo wakulima wenye pampu na mifereji.

Uchotaji huo unawadhuruje samaki?

Kwanza, mtoni. Samaki wadogo wa asili wa jenasi Enteromius hutegemea mito hii. Pampu nyingi zikifanya kazi kiangazi, mto hukatika na kubaki vidimbwi. Maji hupata joto, oksijeni hupungua, na samaki aliyenaswa humo hana njia ya kutoka.

Pili, ukingoni. Tilapia hutaga kwenye maji ya kina kifupi, na vifaranga hujificha kwenye mafunjo, ambayo pia huchuja udongo unaoletwa na mvua. Ziwa likirudi nyuma, mafunjo hubaki nchi kavu, kisha mifugo na jembe huyamaliza.

Tatu, ubora wa maji. Maji yakipungua, mbolea na maji taka yaleyale hubaki ndani ya maji machache zaidi. Mwaka 2009 kina cha ziwa kilishuka mno kwa ukame. Mapema 2010 mvua ikanyesha, ikasomba uchafu wa nchi kavu, na samaki wengi wakafa. Uchunguzi ulitaja upungufu wa oksijeni.

Je, kuna samaki aliyekwisha kutoweka?

Ndiyo. Samaki mdogo wa asili wa jenasi Aplocheilichthys alionekana hapa mara ya mwisho mwaka 1962. Anayelaumiwa zaidi ni besi, samaki mla wenzake aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Tilapia na kapi wanaouzwa leo ufuoni nao ni wa kuletwa. Basi si haki kuibebesha pampu lawama yote. Hata hivyo, samaki wa asili waliobaki wamekwisha kubanwa na wageni hao; mto ukikauka juu ya hayo, hawana pa kukimbilia.

Ziwa limefurika hadi majumbani. Kwa nini bado tuhofie uhaba?

Kwa sababu ziwa hili hupanda na kushuka. Lililokuwa limenywea mwaka 2009 ndilo lililoingia nyumba za mtaa wa Kihoto mwaka 2020. Mafuriko hayafuti kiangazi kijacho. Tena, maji yanapofunika vyoo vya shimo, ziwa hupata maji mengi yaliyo machafu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Maji ya 2016 inamtaka anayechota kwa pampu au mfereji awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Anayejaza mtungi kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Sheria hiyo pia inatambua akiba: maji ya kutosha mahitaji ya msingi ya binadamu na ya kulinda viumbe wa majini. Kwa hiyo kibali hakimpi mtu mto. Humruhusu kuchota kiasi kilichoandikwa, akiba ikiwa imelindwa.

Mkazi afanye nini?

- Hudhuria vikao vya LANAWRUA, chama cha watumiaji maji wa ziwa, na vya kamati ya ufuo. Maombi ya kibali sharti yapitie maoni ya umma, kwa hiyo toa yako.
- Uliza kama mita za pampu kubwa husomwa, na kama uchotaji hupunguzwa kiangazi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.
- Usikate mafunjo wala kulima hadi ukingoni.
- Ukiona samaki wakielea wamekufa, usiwale wala kuwauza. Andika saa na mahali, kisha ujulishe maafisa wa uvuvi, WRA na NEMA (mamlaka ya mazingira) siku hiyohiyo, kabla dalili hazijapotea.

Mashamba yanahitaji maji, na watu wanahitaji kazi. Lakini fungu la samaki litengwe kwanza, mito ikiwa bado inatiririka. Likingojewa hadi kila pampu ishibe, kiangazi halitabaki la kutengwa.