Kufuata Vitu Vingi kwa Jicho

SWALI: Wanangu wawili wakiogelea katikati ya watoto wengine siwapotezi, ingawa vichwa vyote majini hufanana; wakifuatana na binamu zao, mimi huchanganyikiwa. Sababu ni nini?

JIBU: Mwaka 1988 Zenon Pylyshyn na Ron Storm, wataalamu wa elimu ya akili, walitangaza majaribio ambamo mtu alionyeshwa alama 10 zinazofanana, baadhi yake zikimetameta kitambo ili azishike, kisha zote zikaenda huku na huku, naye, pasipo rangi wala umbo la kumsaidia, aliweza kufuata nne au hata tano kwa pamoja. Pylyshyn akahoji kuwa akili, kabla ya kujua kitu ni nini, hukiwekea kwanza kidole chake cha ndani, na vidole hivyo ni vichache. La ajabu zaidi, lililodhihiri baadaye, ni kwamba alama ikipita nyuma ya kizuizi na kutokea upande wa pili haipotei. Bali ikinywea mpaka ikatoweka mahali palipo wazi, ufuatiliaji huharibika. Basi, kwa kuwa vidole hivyo vya ndani ni vichache, watoto wakizidi wanne, tafadhali gawaneni ulinzi na mtu mzima mwingine.